SOMO KWA MAKATIBU: CHAMA KIONEKANE KINAPOTAFUTWA



Siku hizi mtu anayetaka kusagisha mahindi, kununua mbolea au kukodi ukumbi mjini Songea haulizi jirani peke yake. Huitoa simu mfukoni, akaandika maneno mawili au matatu, akasoma majina yanayojitokeza, kisha akampigia wa kwanza au wa pili. Aliye wa kumi hapigiwi. Iwapo chama chetu kina mashine nzuri na bei ya haki, lakini jina lake halimo miongoni mwa yale ya juu, basi kwa mteja huyo ni kana kwamba chama hakipo.

Somo hili limekusudiwa kueleza jinsi chama cha msingi kinavyoweza kuonekana mapema kinapotafutwa katika intaneti na watu walio karibu nacho. Mengi ya mambo yatakayoelezwa hayahitaji fedha. Yanahitaji ile kazi ambayo Katibu mwema huifanya kila siku, yaani kuweka kumbukumbu zilizo sahihi na zinazolingana.

1. KWA NINI JAMBO HILI NI LA USHIRIKA

Wapo wazee watakaosema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni ya kweli, lakini chema hujiuza kwa yule anayekiona. Chama Kikuu cha Ngoni-Matengo kilipoundwa mwaka 1936 kwa ajili ya tumbaku ya wakulima wa sehemu hizi, kilihitaji ofisi inayojulikana, anwani ya posta na jina lililoandikwa vizuri, ili mwenye shughuli nacho asipotee. Haja hiyo haijabadilika. Kilichobadilika ni mahali ambapo mteja huanza kutafuta.

Hapa yafaa tutenganishe mambo mawili. Kwa mazao yanayouzwa mnadani chini ya utaratibu wa stakabadhi ghalani, tovuti haibadilishi njia ya mauzo, wala chama kisiitumie kukwepa utaratibu huo. Lakini vyama vingi vina shughuli nyingine: mashine za kusaga na kukoboa, maduka ya pembejeo, maghala ya kukodisha, kumbi, nyumba za wageni, unga na kahawa iliyokaangwa na kufungashwa. Shughuli hizi hushindana na wafanyabiashara binafsi kila siku, na ndizo zinazohusika na somo hili.

Tufanye hesabu ndogo ya mfano. Tuseme mashine ya chama inapoteza wateja 4 kwa wiki kwa sababu hawakuiona. Kila mmoja angeleta magunia 2 ya kilo 100, na ada ni shilingi 80 kwa kilo. Hizo ni kilo 800, yaani shilingi 64,000 kwa wiki, au shilingi 3,328,000 kwa mwaka wa wiki 52. Kila Katibu na aweke tarakimu za chama chake, kisha ajiulize kama fedha hizo zisingesaidia kulipa mkopo wa mashine au kuongeza gawio la wanachama.

2. MTAMBO WA KUTAFUTIA UNAVYOFANYA KAZI

Mtambo wa kutafutia unaotumiwa zaidi ni Google, ulioanzishwa Marekani mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin. Kazi yake ina hatua tatu. Kwanza, programu zake hupitia kurasa za intaneti moja baada ya nyingine na kuzisoma. Pili, yaliyosomwa huwekwa katika orodha kubwa, mfano wa rejista. Tatu, mtu anapouliza, mtambo huichambua rejista hiyo na kuyapanga majibu kwa kadiri unavyoona yanafaa.

Kwa hiyo mtambo hauji Songea kuitazama mashine yetu. Husoma tu yaliyoandikwa juu yake. Lisiloandikwa haliujui, na lililoandikwa kwa namna tatu zinazopingana huutia mashaka.

Mtu anapotafuta huduma ya mahali, Google yenyewe imeeleza kwamba hupima mambo makuu matatu:

(a) Ulinganifu: je, shughuli hii ndiyo aliyoiuliza mteja?
(b) Umbali: je, iko karibu naye, au karibu na mahali alipopataja?
(c) Umaarufu: je, inajulikana na kusemwa vizuri na wengine?

Umbali hatuwezi kuubadilisha, maana mashine iko pale ilipo. Lakini tunaweza kuhakikisha kwamba mahali hapo pameandikwa sawasawa. Ulinganifu na umaarufu vimo mikononi mwetu kwa sehemu kubwa.

3. HATUA YA KWANZA: KUJIANDIKISHA

Kabla ya kufikiria tovuti, chama kifungue Wasifu wa Biashara kwenye Google. Huu ndio unaokifanya chama kionekane katika ramani ya simu pamoja na namba yake, saa za kazi na picha. Kuufungua hakutozwi ada. Google huthibitisha kwanza kwamba mwombaji ndiye mwenye shughuli, kwa simu, kwa ujumbe, kwa barua pepe, au kwa kudai picha ya video inayoonyesha ubao wa jina na eneo la kazi. Chama kisicho na ubao wa jina mlangoni na kiuweke kwanza.

Wasifu uwe mmoja kwa kila mahali pa kazi. Mara nyingine mtumishi huufungua mmoja, na mwenzake aliyemfuata akafungua mwingine kwa sababu hakuambiwa. Matokeo yake ni namba mbili, saa mbili tofauti, na mteja asiyejua aamini lipi.

4. JINA MOJA, ANWANI MOJA, NAMBA MOJA

Hili ndilo shina la somo. Katika ukaguzi wa rejista ya wanachama, mtu mmoja akiandikwa kwa tahajia tatu huonekana kama watu watatu, na hisa zake hutawanyika. Ndivyo ilivyo kwa chama katika intaneti. Jina lililo katika hati ya kuandikishwa, katika ubao, katika stakabadhi, katika tovuti, katika ukurasa wa Facebook na katika Wasifu wa Google liwe lile lile.

Chama kisijaribiwe kuongeza sifa ndani ya jina, kama vile maneno "bei nafuu" au "mashine bora Songea". Masharti ya Google yanataka jina lile linalojulikana na watu mahali penyewe, na anayekiuka aweza kufungiwa wasifu wake. Sifa zina mahali pake katika maelezo.

Namba ya simu iandikwe kwa ukamilifu ikianza na +255, na iwe namba ya chama. Namba ya zamani ya mezani yenye 025 iliyokwisha kukatwa ifutwe kila inapoonekana. Namba binafsi ya mtumishi isitumike, kwani siku atakapoondoka ataondoka na wateja.

5. MAHALI PAELEZWE BILA UTATA

Sisi tulioko Ruvuma tuna sababu ya pekee ya kuwa waangalifu katika jambo hili. Katika Manispaa ya Songea ipo Kata ya Tanga, na kaskazini-mashariki ya nchi liko Jiji la Tanga. Ipo Kata ya Ruvuma, upo Mkoa wa Ruvuma, na upo Mto Ruvuma. Majengo ni kata ya Songea, lakini Majengo ni jina la mitaa na kata katika miji mingi ya Tanzania. Madaba yetu iko katika Wilaya ya Songea, lakini iko Madaba nyingine nchini Jordan, mji mashuhuri kwa ramani yake ya kale iliyotengenezwa kwa vipande vidogo vya mawe, ambao umeandikwa katika kurasa nyingi mno.

Chama kikiandika "tuko Tanga" au "karibu Madaba" na kuishia hapo, si ajabu mtambo ukakosa kukitambua. Anwani iandikwe kamili: mtaa au kijiji, kata, wilaya au manispaa, Songea, Ruvuma, Tanzania. Iongezwe postikodi yenye tarakimu 5, ambayo kwa Ruvuma huanza na 57. Baada ya kazi ya Anwani za Makazi iliyofanyika nchini mwaka 2022, sehemu nyingi zina jina la barabara na namba ya jengo. Zitumike.

Kisha alama ya ramani iwekwe juu ya mlango wenyewe. Katibu asiiweke akiwa nyumbani. Aende mahali pa kazi, asimame mlangoni, aiweke, halafu amwombe mtu asiyepajua afike kwa kuifuata. Maelezo mafupi yenye alama za kudumu yasaidie, kwa mfano: mkabala na shule fulani, au umbali fulani kutoka kituo kikuu cha mabasi.

6. SAA ZA KAZI

Kosa moja huwapata wengi. Sisi husema saa 2 asubuhi, na saa ya mtambo husema 08:00. Anayejaza 2:00 kwa kufuata usemi wetu ameutangazia ulimwengu kwamba chama hufunguliwa usiku wa manane au alasiri. Saa 2 asubuhi ijazwe 08:00, na saa 11 jioni ijazwe 17:00.

Saa hizo zirekebishwe kwa majira. Wakati wa mavuno mashine huweza kufanya kazi hadi usiku. Katika miezi ya kuelekea mvua, watu wanapotafuta mbolea na mbegu, duka huweza kufunguliwa hata Jumapili. Mkulima aliyetoka Namtumbo au Peramiho kwa nauli yake akaukuta mlango umefungwa, ilhali simu yake inasema uko wazi, hatarudi kirahisi, na wenzake watamsikia.

7. TOVUTI YA CHAMA

Tovuti huongeza nguvu ya wasifu, kwa kuwa huupa mtambo maelezo mengi zaidi ya kusoma. Isiwe kubwa. Kurasa tano zilizo sahihi ni bora kuliko hamsini zilizosahauliwa. Mambo yafuatayo yazingatiwe:

(i) Kila huduma iwe na ukurasa wake. Mashine iwe na wake, duka liwe na wake, ukumbi uwe na wake. Kichwa cha ukurasa kitaje huduma na mahali, kwa mfano: "Mashine ya kusaga na kukoboa mahindi, Kata ya Tanga, Songea".

(ii) Lugha iwe ya mteja. Hakuna mkulima anayetafuta "kitengo cha uchakataji wa nafaka". Hutafuta "mashine ya kusaga", "sembe", "dona". Wala wengi hawaandiki "pembejeo". Huandika "mbolea", "mbegu", "dawa ya mahindi". Njia rahisi ya kuyapata maneno haya ni kumweka mtunza duka ayaandike daftarini kwa wiki moja, kama wateja wanavyoyatamka. Kwa bidhaa zenye wanunuzi wa nje, kama kahawa ya Mbinga, uwepo pia ukurasa wa Kiingereza.

(iii) Maelezo yaandikwe kwa maandishi, yasifichwe ndani ya picha. Vyama vingi hupiga picha ya tangazo lenye bei, namba na anwani, kisha huiweka picha hiyo peke yake. Si rahisi mtambo kuisoma kama maandishi, wala mteja hawezi kuigusa namba akapiga.

(iv) Ukurasa uwe mwepesi. Google sasa huzitathmini kurasa kwa kutazama zinavyoonekana katika simu, mageuzi yaliyokamilishwa mwaka 2023. Kipimo chake ni kwamba sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5. Picha kubwa kumi humchelewesha mteja aliye mahali penye mtandao dhaifu, na humlia kifurushi chake. Picha chache zilizopunguzwa uzito zatosha: mlango, mashine, na bidhaa zenyewe.

(v) Majina ya wanachama, madeni yao na namba zao za simu yasiwekwe katika tovuti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na chama kinawajibika kwayo.

8. USHUHUDA WA WENGINE

Umaarufu hupimwa, pamoja na mengine, kwa wale wanaotutaja. Ukurasa wa halmashauri, wa Chama Kikuu au wa msambazaji wa mbolea ukiitaja tovuti yetu na kuelekeza kwayo, hiyo ni kama barua ya utambulisho. Katibu aandike barua rasmi kuomba chama kiwekwe katika orodha zao, akiambatisha jina, anwani na namba zilizo sahihi.

Maoni ya wateja nayo yana uzito. Mteja aliyeridhika aombwe kwa adabu aandike maneno machache, wala asilipwe wala asipunguziwe bei kwa ajili hiyo, kwani Google inakataza. Watumishi na wajumbe wa Bodi wasiandike sifa za chama chao. Mwanachama ni mwenye mali. Ushuhuda unaoaminika ni wa mteja aliyekuja, akahudumiwa, akalipa.

Likija lalamiko, lisionewe haya wala lisijibiwe kwa hasira. Mteja akiandika kwamba mzani ulipunja, Katibu aupime mzani kwanza. Kisha ajibu: amechunguza nini, ameona nini, amerekebisha nini. Jibu hilo litasomwa na mamia ya watu ambao hawajafika bado, nao watakiamini chama zaidi kwa jibu la kweli kuliko kwa sifa ishirini.

9. KULINDA MALI YA CHAMA

Jina la tovuti na nywila zake ni mali ya chama, sawa na ufunguo wa ghala. Chukulia kijana hodari aliyejitolea kuitengeneza tovuti, akaliandikisha jina lake la intaneti kwa barua pepe yake mwenyewe, kisha akahamia Dar es Salaam. Muda wa jina ukiisha, hakuna wa kulilipia, na kazi yote hupotea bila mtu kuiba. Kwa hiyo jina linaloishia na .co.tz au .or.tz liandikishwe kwa jina la chama; tarehe ya kulilipia iingizwe katika kalenda ya Bodi; nywila ziwekwe katika bahasha iliyofungwa ndani ya kasha la fedha; na Wasifu wa Google umilikiwe na barua pepe ya chama, watumishi wakiwa wasimamizi tu wanaoweza kubadilishwa.

Wala tusitegemee kabisa kitu cha bure kisicho chetu. Zamani Google ilitoa tovuti ndogo za bure kwa wenye wasifu. Mwezi Machi 2024 ilizifunga zote, na waliokuwa hawana nyingine walibaki bila tovuti.

Jambo la mwisho ni ulaghai. Watapita watu wakiahidi kukiweka chama "nafasi ya kwanza Google" kwa malipo. Google yenyewe imetamka kwamba hakuna njia ya kulipia nafasi bora katika majibu ya mahali. Matangazo ya kulipia yapo, lakini hayo huwekewa alama ya tangazo, nayo hukoma fedha zinapokwisha. Fundi wa tovuti alipwe kwa kazi inayoonekana: kurasa, picha, marekebisho. Asilipwe kwa ahadi ya nafasi. Malipo hayo yawemo katika makisio yaliyopitishwa na Mkutano Mkuu, yawe na mkataba, na yawe na stakabadhi.

10. KUPIMA MATOKEO

Kazi isiyopimwa haijulikani kama imefaa. Google hutoa bila malipo Search Console, ambayo huonyesha maneno yaliyowaleta watu katika tovuti. Wasifu nao huonyesha ni wangapi waliopiga simu na wangapi walioomba kuelekezwa njia. Lakini kipimo kilicho bora kimo katika daftari la duka. Mtunza duka amwulize kila mteja mgeni: "Umetufahamu vipi?" na kuandika jibu. Takwimu hizo zisomwe katika kikao cha Bodi kila mwezi, kando ya mapato. Mabadiliko huchukua wiki au miezi kuonekana, basi Bodi isikate tamaa mapema.

MASWALI YA KUJADILI CHAMANI

1. Tafuteni jina la chama chenu kwa simu tatu tofauti. Je, jina, namba na mahali vinalingana na hati ya kuandikishwa?
2. Tafuteni huduma yenu bila kutaja jina la chama. Ni nani aliyetangulia, na ameandika nini ambacho ninyi hamkukiandika?
3. Jina la tovuti yenu limeandikishwa kwa jina la nani, na muda wake unakwisha lini?
4. Ni nani anayeshika nywila, na akiugua leo ni nani atakayebadilisha saa za kazi?
5. Ni maneno gani matano ambayo wateja wenu huyatumia wanapoulizia huduma zenu?

Ndugu Makatibu, majibu ya maswali haya yaandikwe katika muhtasari wa kikao, na kila pungufu lipewe mtu wa kulirekebisha pamoja na tarehe. Chama kitakachokuta namba yake imekosewa na kianze na namba hiyo kabla ya kuwaza juu ya tovuti mpya, kwa kuwa mteja anayeipiga leo anajibiwa na mtu mwingine.